Nyani na tumbili mtaani: mwongozo kamili wa kuwaondoa bila sumu wala mawe

Swali ni lile lile kila mwaka maembe yanapoanza kupevuka: "Tumewafukuza nyani wiki nzima, kesho yake wamerudi. Tufanyeje?" Linatoka Masasi kwenye nyumba zilizo chini ya miamba, linatoka Lindi mjini kwenye mitaa ya mteremkoni, linatoka pembezoni mwa Mtwara, huku kusini mwa Tanzania, ambako mikorosho inaanzia ukutani kwa mtu. Nikiuliza wamefanya nini hadi sasa, jibu halibadiliki: mawe, manati, mbwa, na wachache wanakiri kwa sauti ya chini kwamba wametega sumu.

Kosa liko kwenye mpangilio. Watu wanaanza na kufukuza, wakati kufukuza ni hatua ya saba. Nyani aliyeshiba makopa (mihogo mikavu) kwako jana yuko tayari kuvumilia mawe kumi leo ili ayapate tena. Nenda hatua kwa hatua, usiruke. Kwetu Masasi kazi yote ilichukua wiki saba.

## Mjue anayekusumbua

Tumbili ni mdogo, kilo 3 hadi 8, mwili wa kijivu, uso mweusi uliozungukwa na manyoya meupe. Dume lake lina korodani za buluu. Wengine humwita ngedere, na kwa kuwa majina haya yanapishana mahali na mahali, tazama sura. Huyu ni mwizi wa haraka: dirishani, kwenye kichanja cha vyombo, kwenye ungo.

Nyani wa huku kwetu ni yule wa manjano. Pua ndefu kama ya mbwa, na mkia unaopanda kisha unaning'inia kana kwamba umevunjika. Dume hufika kilo 20 na zaidi, na chonge zake hukaribia sentimita 5. Anafungua ndoo, anasukuma mlango, anabeba kifaranga, na akizoea watu ananyang'anya mfuko mkononi. Sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kwa ajili yake.

Kima ana rangi nyeusi yenye ubuluu na hukaa msituni. Ni nadra kumkuta jikoni.

Ukiona fisi, chui, simba au tembo, mwongozo huu haukuhusu. Ingiza watu ndani, funga mlango, piga simu kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa afisa wanyamapori, subiri. Mkoa wa Lindi umepoteza watu wengi kwa simba, baadhi yao wakiwa wamelala mashambani kulinda mazao dhidi ya nguruwe pori. Kwa hiyo usisome hapa kuhusu kulinda ukadhani nakutuma ukalale kwenye dungu, kile kibanda cha juu cha kulindia shamba. Kazi yote iliyoandikwa hapa ni ya mchana.

## Vifaa

Kusanya kwanza, ndipo uanze:

- Daftari na kalamu.
- Ndoo za lita 20 zenye mfuniko wa kubana, au pipa lenye komeo.
- Vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli au pikipiki, vya kufungia mifuniko.
- Wavu wa chuma wa madirisha na wa banda la kuku. Wavu wa plastiki unachanwa kwa dakika moja.
- Komeo za chuma za juu na za chini kwa mlango wa jiko la nje.
- Panga na msumeno wa kukatia matawi.
- Filimbi moja kwa kila nyumba, na debe tupu la kugonga.
- Fimbo ndefu ya mwanzi, inayokupita urefu.
- Dumu la maji na kipande cha sabuni ya kufulia, mahali panapojulikana na kila mtu nyumbani. Hivi ni vya jeraha, na visiguswe kwa kazi nyingine.

Sumu, mtego wa waya na gobore haviingii kwenye orodha hii. Sumu iliyopakwa kwenye ndizi haichagui: itachukua mbwa wa jirani, kuku, na siku moja mtoto anayeokota ndizi njiani. Mnyama aliyejeruhiwa kwa waya au risasi na akapona nusu ndiye anayeng'ata watu baadaye. Na ule ushauri wa kumkamata mmoja na kumpaka chokaa ili wenzake wamkimbie, uache kabisa. Atakayemkamata ndiye atakayechanwa.

## Hatua ya 1: Andika siku saba

Kila wakija, andika mambo matano: saa, wametokea upande gani, wako wangapi, wamechukua nini, na nani alikuwa uani.

Sababu ni kwamba nyani wana ratiba. Kwa kuogopa chui wanalala juu ya miamba au kwenye miti mirefu, wanashuka jua likishachomoza, wanarudi kabla ya giza. Wakikuingilia saa moja na nusu asubuhi, wanatoka kulala moja kwa moja na kwako ndiko wanakofungulia kinywa. Wakija saa tisa, wamekwishapita kwingine. Wana njia yao pia: tawi fulani, pengo fulani la ua. Kwetu ilikuwa ni mwembe mmoja uliolalia paa la jirani.

Wiki hii usihangaike sana kufukuza. Linda watoto, funga mlango, andika.

Umefaulu pale unapoweza kusema kwa sentensi moja: wanakuja saa fulani, wanapitia pale, wanafuata kile.

## Hatua ya 2: Funga jiko na ua

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo watu wanaporuka.

Mimi mwenyewe nilirusha mawe misimu miwili. Nilikuwa na rundo lake kando ya mlango. Wiki niliyoanza kuandika, nilikaa dirishani na kumtazama dume moja kubwa vizuri kwa mara ya kwanza. Lilishuka kwenye mwembe, likapita karibu na rundo langu la mawe bila kuliangalia, likaenda nyuma ya jiko la bibi jirani. Likaketi juu ya kinu kilicholazwa. Likachukua ganda la muhogo kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa chuya kwenye mchele, likakwangua kwa meno ya mbele nyama nyeupe iliyobaki, likatupa ganda, likachukua jingine. Dakika ishirini. Nilipoenda kumweleza bibi, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Kumbe mjukuu wangu wewe unafukuza na mimi nalisha."

Hakuwa akiwalisha kwa makusudi. Alikuwa akimenya muhogo pale tangu alipoolewa. Kila mtaa una kinu kama kile, na mpaka ukijue, mawe yako ni kelele tu. Pita kwako na macho ya nyani:

Maganda na makombo. Maganda ya mihogo, ndizi na maembe yaende kwa mbuzi au bata papo hapo, au kwenye ndoo yenye mfuniko uliofungwa kwa mpira. Ukoko uliobaki kwenye sufuria na kupelekwa uani kulowekwa nao ni chakula. Osha usiku, au ulaze sufuria ndani.

Vitu vya kuanika. Makopa, mbaazi, ufuta, karanga, korosho. Hili ni gumu kwetu kwa sababu bila jua hakuna akiba. Anika baada ya saa ile ya daftari kupita, anika kwenye turubai au mkeka unaoweza kukunjwa kwa mara moja, na mtu mzima awepo. Ukitaka kwenda kisimani, kunja kwanza. Mtoto wa miaka saba hawezi kulinda makopa. Nyani anamjua mtoto, na ukimwacha pale peke yake unamweka hatarini.

Kuku. Mayai na vifaranga huwavuta nyani kama ndizi. Banda liwe na wavu wa chuma mpaka juu, na mlango wenye komeo. Dume kubwa hubeba hata mtoto wa mbuzi, basi usimfunge peke yake mbali na nyumba.

Maji. Kiangazi kikikaza, kuanzia Julai hadi mvua za kwanza, wanafuata maji kuliko chakula. Funika mapipa, ziba bomba linalovuja, mwaga maji ya kuoshea vyombo shimoni.

Akiba ya ndani. Ndizi iliyoning'inizwa inayoonekana dirishani ni tangazo. Iweke asipoiona.

Umefaulu pale wanaposhuka uani, wakapekua, wakaondoka mikono mitupu. Wataendelea kuja. Hilo ni sawa kwa sasa.

## Hatua ya 3: Taka

Usitoe taka jioni zikalala nje. Zitoe asubuhi siku ya kuzolewa, na kama huko kwako gari la taka halina siku maalumu, chimba shimo lenye mfuniko wa bati uliofungwa kwa waya kwenye vigingi. Jiwe juu ya bati halitoshi. Nyani hulibiringisha kando.

Tahadhari: usidhani kuchoma taka kunamaliza. Ganda la ndizi bichi haliungui lote, na nyani hupekua majivu yakishapoa.

## Hatua ya 4: Miti na paa

Kata matawi yanayolalia paa au yanayogusana na ua. Tumbili anaruka mbali, hivyo acha nafasi ya mita kadhaa, usikate tawi moja ukaridhika. Usiukate mwembe wote, kivuli chake utakijutia.

Maembe na mapapai yavune yakishakomaa kabla ya kuiva kabisa, uyaivishe ndani. Mabibo yaokote kila asubuhi katika msimu wa korosho. Bibo lililoanguka jana na kuanza kuchacha linanuka mbali, na mkorosho mmoja uani unatosha kulisha kundi. Kama huyatumii, yafukie chini kabisa au mpe mwenye mifugo.

Wasipande watoto kukata matawi wakati kundi liko karibu, na usiguse tawi lililo karibu na nyaya za umeme. Toa taarifa kwa watu wa umeme waje wakate.

## Hatua ya 5: Milango na madirisha

Nyani anajua kusukuma mlango, kuvuta, na wengine wamejifunza kuzungusha kitasa. Komeo ya chini kwa ndani inamshinda. Madirisha ya jikoni yawekewe wavu wa chuma uliopigiliwa kwa misumari ya kutosha pande zote, siyo pembe nne tu.

Umefaulu pale unapoweza kutoka kwenda sokoni na kurudi ukakuta unga mahali pake.

## Hatua ya 6: Ufunge mtaa mzima

Ukiishia hatua ya tano umewahamishia shida majirani, na kundi litaendelea kupita juu ya paa lako kwenda kwao. Nyumba moja inayoacha chakula inatosha kuwafanya warudi mtaa mzima kila siku, kwa sababu hawajui leo ni nyumba gani iliyosahau.

Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, omba kikao kifupi, na uende na daftari. Usianze kwa kulalamika. Soma: Jumatatu saa moja na nusu, ishirini na wawili, kutoka mwambani, wamekula maganda. Jumanne saa moja na dakika arobaini, kumi na tisa, njia ile ile. Watu wakisikia saa na idadi wanaacha kubishana na kuanza kuongeza ya kwao.

Omba makubaliano manne tu:

1. Hakuna anayewapa chakula, hata ndizi moja ya kuwafurahisha wageni au kupiga picha.
2. Taka hazilali nje.
3. Kuanika ni kwa zamu za kulinda, nyumba nne nne.
4. Filimbi ndefu moja ina maana moja: wamekuja, upande huu.

Kabla ya kikao, wafuate mmoja mmoja wale wenye chakula kingi: mama lishe, mwenye mgahawa, mwenye nyumba ya wageni, mlinzi wa ghala la korosho, mpishi wa shule iliyo karibu. Kwetu nyumba moja ya wageni ilikuwa ikitupa mabaki ya chakula kwenye kizimba kisicho na mlango. Mwenyewe alikasirika nilipomwambia. Alipoonyeshwa daftari, alitengeneza mlango wa bati siku ya pili. Mwendee mtu kwa heshima, peke yake, kabla hujamtaja mbele ya watu.

Na umwambie kila mwenye mtoto wa tumbili aliyefungwa kamba nyumbani: yule mtoto ni wa kundi. Kundi linamsikia akilia, na watu wake wataendelea kumfuata. Amkabidhi kwa afisa wanyamapori. Asimwachie barabarani.

Umefaulu pale filimbi ikilia na nyumba tatu zinatoka, badala ya moja.

## Hatua ya 7: Sasa fukuza

Mnafukuza kwa pamoja, watu wazima wanne au zaidi, kwa mstari, kutoka ndani ya mtaa kuelekea walikotoka. Filimbi, debe, fimbo zikigonga chini. Mnatembea, hamkimbii. Upande wa mwambani unabaki wazi.

Huo upande wazi ndio siri. Nyani akizingirwa pande zote anageuka na kupigana, na atachagua aliye mfupi kuliko wote. Akiona njia, anaitumia. Mkifika mpaka wa mtaa, simameni pale dakika kumi, muonekane, kisha rudini. Msiwafuate mpaka kwenye mwamba. Mnataka wajifunze mpaka ulipo, na mpaka unaosogea kila siku haufundishi.

Fukuzeni kila wanapokuja, na mapema, kabla hawajala. Kuwafukuza wakiwa wameshiba hakuwafundishi chochote.

Wanawake wawe mstarini, na wawe mbele. Nyani na tumbili wa mitaani wamekwishajifunza kwamba wanaume hurusha vitu, na mwanamke mwenye ndoo kichwani hana mkono wa kurusha. Kwetu walikuwa wakikimbia sauti ya baba akiwa bado ndani, lakini dada yangu akitoka wanabaki wameketi. Wiki mbili za dada na jirani zake wakiongoza mstari, khanga zimefungwa kiunoni na mianzi mkononi, ziliondoa tofauti hiyo. Hakuna kitu kilichowalinda akina mama wetu zaidi ya hicho.

Kuhusu mawe na manati: jiwe linamfikia mtoto wa jirani, linatoboa paneli ya sola, na nyani akishaujua umbali wa mkono wako anakaa hatua tatu nje yake. Kuhusu mbwa: dume la nyani linaweza kumuua mbwa, na mbwa aliyeng'atwa anaweza kurudi nyumbani na kichaa.

Wakiwa na watoto wachanga mgongoni au kifuani, punguzeni mwendo. Msipite kamwe kati ya jike na mtoto wake.

### Siku za kuzidi

Soma hapa mara mbili, kwa sababu wengi wanashindwa hapa na kunirudia wakisema njia haifai.

Siku chache baada ya chakula kukatika, watazidi. Watakuja mara nyingi zaidi, watavuta mabati, watang'oa wavu, dume litasimama mlangoni na kubweka. Kwetu ilianza siku ya tano na kuendelea hadi siku ya kumi na mbili. Mnyama aliyezoea kupata, akikosa, kwanza anaongeza nguvu. Anajaribu kila alichowahi kujaribu kabla ya kukata tamaa.

Mtu mmoja akimtupia ndizi siku hizo ili aondoke, amemfundisha kwamba ukali unalipa, na mtarudi nyuma kuliko mlipoanza. Kwa hiyo jiandaeni mapema: kuni na maji ndani, upishi ndani ya mlango uliofungwa, watoto wasindikizwe shule na mtu mzima, na kila mtu ajue kwamba hizi ni siku za kuvumilia. Waambieni wazee na wagonjwa pia, wasishtuke.

Umefaulu pale wanapoanza kuondoka kwa kusikia filimbi, kabla hamjawafikia. Halafu wanaanza kusimama mpakani na kutazama. Halafu siku moja inapita tupu.

## Hatua ya 8: Ukikutana naye uso kwa uso

Jifunze dalili zake. Kukukodolea macho, kupandisha nyusi mpaka kope nyeupe zionekane, kupiga ardhi kwa kiganja, manyoya ya mabega kusimama. Miayo mirefu inayoonyesha chonge haina uhusiano na usingizi. Anakuonya.

- Simama. Usikimbie, ukikimbia atafukuza.
- Usimtazame machoni, na usitabasamu. Meno yaliyo wazi anaweza kuyachukua kama ugomvi.
- Mvute mtoto nyuma yako, au mbebe.
- Rudi nyuma polepole ukiwa umemwelekea, fimbo mbele yako, chini.
- Akishika mfuko wako, uachie. Mkate haufai kushindaniwa na chonge zile.

Akiwa ndani ya nyumba, fungua milango yote na madirisha, toka kwa upande ambao hautumii yeye, usisimame kati yake na mlango, kaa kimya mpaka atoke. Watu wengi ninaowajua walioumizwa na nyani waliumia ndani ya chumba kimoja na mlango mmoja, wakiwa wamesimama kwenye mlango huo.

## Hatua ya 9: Aking'ata au akikwaruza

Anza saa hiyo hiyo. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Mtu mmoja amwage kutoka kwenye dumu, mwingine ashike saa, maana dakika 15 ni ndefu na kila mtu hudhani zimekwisha baada ya tatu. Kuosha huku kunapunguza virusi vya kichaa cha mbwa, ambavyo mnyama yeyote anayenyonyesha anaweza kuwa navyo, nyani akiwemo. Kisha paka spiriti au dawa ya iodini ikiwepo.

Usipake majivu, mafuta ya taa, kahawa wala dawa ya meno. Usikazie kamba. Jeraha kubwa linalotoka damu sana, libane kwa kitambaa safi huku ukiendelea na safari.

Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo uliotoa damu kidogo, hata kama ni mate yake tu juu ya kidonda. Piga simu kwanza uulize kama chanjo ya kichaa cha mbwa ipo, ili usipoteze muda kutoka kituo hadi kituo. Ukifika sema wazi: "Nimeng'atwa na nyani, naomba chanjo ya kichaa cha mbwa na ya pepopunda." Dozi ya kwanza huchomwa siku hiyo, ya pili siku 3 baada ya ile ya kwanza, ya tatu siku 7 baada ya ile ya kwanza, na utaambiwa kama kuna nyingine. Maliza zote. Dalili za kichaa huweza kuchelewa wiki au miezi, na zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Kidonda kukauka vizuri hakumaanishi kwamba umepona.

Nyani au tumbili aliye peke yake, anayetembea kama mlevi, anayetoa mate, au asiyeogopa kabisa wakati wenzake wanaogopa, asikaribiwe na yeyote. Akifa, asiguswe kwa mikono mitupu.

## Hatua ya 10: Toa taarifa

Baadhi ya madume hayafundishiki tena. Lile lililokwisha kung'ata watu, au linaloingia ndani watu wakiwepo baada ya mtaa kufunga chakula wiki nyingi, ni kazi ya wenye mamlaka.

Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kumuua au kumkamata mnyamapori bila kibali ni kosa, na tumbili wa mtaani ni mnyamapori kama tembo wa porini. Maisha ya mtu yakiwa hatarini unaruhusiwa kujitetea, lakini utoe taarifa mara moja, na mzoga ni mali ya serikali. Usiuchune, usiuze mkia.

Mlolongo ni huu: mwenyekiti wa mtaa, mtendaji wa mtaa au kata, afisa wanyamapori wa halmashauri, naye ndiye anayewasiliana na TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori. Peleka kwa maandishi na ubaki na nakala. Taarifa inayofanyiwa kazi inafanana na hii:

> "Mtaa wetu, kata yetu. Dume moja la nyani, kovu puani, sikio la kushoto limechanika. Ameingia nyumba tatu ndani ya siku tisa, watu wakiwemo. Tarehe na saa zimeambatanishwa. Ameng'ata mtu mzima mmoja mkononi, ametibiwa hospitali. Mtaa umefunga taka na vyakula kwa wiki sita, nakala ya makubaliano ya kikao imeambatanishwa. Hutokea mwambani upande wa mashariki, saa moja na nusu asubuhi. Tunaomba mtaalamu afike."

Linganisha na "nyani wametuzidi, tusaidieni." Ile ya kwanza inamwambia afisa aje na nini, saa ngapi, asimame wapi, na amtafute nani kati ya ishirini.

## Wakishaondoka

Hawaondoki Masasi. Mtaendelea kuwaona juu ya mwamba wakiota jua asubuhi, na ndipo wanapotakiwa kuwa.

Wakipita siku 14 bila kushuka mtaani, punguzeni zamu ziwe za watu wawili, lakini filimbi zibaki misumarini na daftari libaki wazi. Kagueni wavu na komeo mara moja kwa mwezi. Julai, kabla maji hayajakauka, funikeni mapipa upya. Siku embe la kwanza litakapoanguka, mstari wa watu wanne urudi asubuhi ile ile, saa moja na robo, kabla yao.